Kijana Ananenepa Tangu Aanze Dawa za Akili: Mwongozo Kamili kwa Familia za Mtwara na Lindi

Mwongozo huu ni wa mzazi, mlezi au kijana mwenyewe aliye kwenye dawa za afya ya akili na ambaye nguo za mwaka jana hazimwingii tena. Nimeuandika kwa sababu familia zinakwama pale pale, iwe Chikongola, iwe Mikindani, iwe Nachingwea.

Uzito ukianza kupanda, watu wanafurahi: amenawiri, dawa zimemkubali. Baada ya miezi kadhaa wanashtuka. Hapo mama anapunguza chakula, na kijana kwa siri anapunguza vidonge. Kupunguza chakula kunashindikana ndani ya siku chache kwa sababu njaa inamzidi. Kupunguza vidonge ndiko kunakoleta balaa, maana ugonjwa unarudi.

Kabla ya lolote, shika hili: njaa inayoletwa na dawa ni njaa ya kweli. Kijana wako hajawa mlafi wala hajakosa adabu. Ukilielewa hili, hatua zote zinazofuata zitakuwa nyepesi kwako.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari moja na kalamu. Litakuwa la kijana mwenyewe, naye ndiye atakayeandika.
- Uzi usiovutika, mrefu kuliko kijana. Kamba nyembamba ya katani inafaa. Futi ya fundi cherehani ikipatikana, iweke pia.
- Mzani mmoja mtakaourudia kila mara, wa zahanati, wa duka la dawa au wa jirani. Mizani miwili inaweza kutofautiana kilo nzima au zaidi, kwa hiyo msihamehame.
- Dawa zote anazotumia zikiwa na pakiti au bahasha zake, pamoja na kadi ya kliniki.
- Kijiko cha chakula cha kupimia mafuta na bakuli dogo la vitafunwa.
- Chupa ya maji ya kijana mwenyewe, na maji salama ya kunywa nyumbani wakati wote.
- Mtu mzima mmoja atakayesimamia mpango. Katika familia nyingi za Kimakonde, Kimwera, Kiyao na Kimakua, neno la mjomba lina uzito. Mshirikisheni mapema, asije akausikia mpango juu juu na kuuvunja kwa kusema "mwacheni mtoto ale".

## Hatua ya 1: Jua ni dawa ipi

Toa pakiti zote, nakili kwenye daftari jina la kila dawa, dozi yake, saa ya kunywa na tarehe aliyoianza. Kama bahasha haina jina, uliza dirisha la dawa siku ya kliniki. Ni haki yenu kujua.

Sababu ni kwamba dawa hizi hazifanani. Olanzapini na klozapini ndizo zinazoongoza kwa kunenepesha. Zinafuata risperidoni, kwetiapini na klopromazini, ambayo wengi wanaijua kama Largactil. Haloperidoli na aripiprazoli kwa kawaida hazinenepeshi sana kama hizo. Upande wa dawa za kutuliza hisia zinazopanda na kushuka, valproeti na lithiamu nazo huongeza. Amitriptilini, inayotolewa kwa sonona, inaweza kuongeza, lakini fluoksetini mara nyingi haina shida hiyo. Sindano ya kila mwezi ya flufenazini ihesabiwe pia. Familia huisahau kwa kuwa haina kidonge kinachokaa nyumbani.

Uzito huingia kwa milango mitatu. Wa kwanza ni njaa: dawa huzuia taarifa za shibe kwenye ubongo, hivyo kijana anamaliza sahani na bado anahisi hajala. Wa pili ni usingizi na uchovu wa mwili, aliyekuwa akicheza mpira sasa analala hadi saa nne asubuhi. Wa tatu ni kiu. Klopromazini, amitriptilini na Artane, ile inayotolewa kupunguza kukakamaa na kutetemeka, hukausha mdomo, na mdomo mkavu kwenye joto la pwani yetu hukimbilia soda baridi. Juu ya hayo, baadhi ya dawa huvuruga namna mwili unavyotumia sukari hata kabla kitambi hakijaonekana.

Andika kwenye daftari ni mlango upi unaoonekana zaidi kwa kijana wako. Nyumba nyingi hupambana na ugali wakati uzito unaingia kwa soda.

Onyo. Tangu leo hadi mwisho wa mwongozo huu, hakuna anayepunguza, kuruka wala kusimamisha dozi bila daktari. Ugonjwa ukirudi, kijana anaweza kuhitaji dozi kubwa zaidi ya ile ya mwanzo, na mtarudi nyuma kuliko mlikoanzia.

## Hatua ya 2: Pima, na pima mapema

Kama ameandikiwa dawa wiki hii, mpime wiki hii. Wakati wa kuongezeka kwa kasi ni miezi michache ya mwanzo, na vijana wanaotumia dawa hizi kwa mara ya kwanza huongezeka zaidi kuliko watu wazima waliozizoea.

Kule Sydney, Australia, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalihusu vijana waliokuwa ndio kwanza wanatibiwa saikosisi, yaani ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti au aamini mambo yasiyo ya kweli. Waliosaidiwa tangu mwanzo katika chakula, mazoezi na stadi za maisha waliongezeka wastani wa kilo 1.8 kwa wiki 12. Waliopata huduma ya kawaida tu waliongezeka wastani wa kilo 7.8. Dawa ni za aina ile ile. Tofauti ilikuwa kuanza mapema na kuwa na mtu wa kukusimamia.

Uzito. Mpime asubuhi, ametoka msalani, hajanywa chai, amevaa nguo nyepesi na hana viatu. Rudia mara moja kwa wiki kwa wiki 6 za mwanzo, siku ile ile ya wiki. Baada ya hapo inatosha kila mwezi. Kupima kila siku kunamtia mtu wasiwasi bure, kwani maji ya mwili peke yake hupandisha na kushusha mzani.

Kiuno. Mpime urefu kwa uzi, kutoka utosini hadi kisiginoni, akiwa amesimama ameegemea ukuta. Kata uzi hapo. Ukunje katikati uwe nusu. Sasa uzungushe kiunoni, katikati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi kawaida bila kubana tumbo. Ncha zikikutana, kiuno kiko ndani ya nusu ya urefu wake, na hapo ni pazuri. Zisipokutana, mafuta ya tumboni yameanza kuwa hatari kwa sukari na moyo. Kipimo hiki hakihitaji hesabu, na kinamfaa hata mwenye miaka 13 ambaye bado anarefuka.

Damu na presha. Omba kliniki wampime sukari, presha na, kama maabara inaweza, mafuta ya damu. Vipimo hivyo virudiwe baada ya wiki 12. Kwa walio Mtwara mjini, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Ligula ni mahali pa kuuliza, na kwa walio Lindi mjini, Sokoine. Ukiwa Masasi au Mtama, uliza Ndanda au Nyangao kabla ya kupanga safari ndefu.

Namba ya kuamka ni hii: akiongezeka zaidi ya asilimia 5 ndani ya mwezi wa kwanza, msisubiri mwezi wa pili. Aliyeanza na kilo 40, ni kilo 2. Aliyeanza na 50, ni kilo 2 na nusu. Aliyeanza na 60, ni kilo 3. Anayekwenda kwa kasi hiyo mapema, mara nyingi ndiye atakayeongezeka sana baadaye.

Kama kijana alianza dawa mwaka jana na uzito umeshapanda, usikate tamaa. Andika uzito wa leo kama mwanzo. Lengo lenu la miezi 3 ya kwanza ni mzani kusimama. Mzani uliosimama ni ushindi mkubwa kwa mtu aliye kwenye olanzapini, na kwa anayerefuka bado, kusimama kwa uzito maana yake ni kwamba anapungua taratibu.

Kwa wasichana. Risperidoni, na wakati mwingine haloperidoli, inaweza kukatisha hedhi au kufanya matiti yajae na hata kutoa maziwa. Binti akikosa siku zake huku tumbo limekua, msikimbilie kumtuhumu. Apimwe ujauzito kwa heshima, majibu yakiwa hakuna, daktari aelezwe. Na binti aliye kwenye valproeti amwone daktari kuzungumzia usalama wa dawa hiyo, kwa sababu ina madhara makubwa kwa mimba. Asiache mwenyewe.

## Hatua ya 3: Anza na vinywaji

Kwa nini si chakula kwanza? Kwa sababu kinywaji kitamu hakishibishi, kwa hiyo kukiondoa hakuongezi njaa. Ni ushindi unaopatikana mapema, na kijana anahitaji ushindi wa mapema.

Soda ya mililita 350 ina sukari ya takribani vijiko vya chai 8 hadi 9. Anayekunywa mbili kwa siku kwa sababu mdomo umekauka anameza sukari ambayo hakuna mama angethubutu kuitia kwenye kikombe cha chai. Vinywaji vya kuongeza nguvu ni vibaya zaidi, vina sukari nyingi na kafeini inayovuruga usingizi na kuleta wasiwasi.

1. Wiki ya kwanza, soda ishuke hadi moja kwa siku. Wiki ya pili, moja kila baada ya siku mbili. Wiki ya tatu, ya sherehe tu.
2. Chai: ondoa kijiko kimoja cha sukari kwa kila kikombe, kwa nyumba nzima. Baada ya wiki mbili ondoa kingine. Tangawizi, mdalasini au mchaichai vitasaidia ladha.
3. Juisi ya ukwaju, ubuyu au embe ikitengenezwa nyumbani, itiwe maji mengi na sukari kidogo sana. Dafu moja halina ubaya, lakini nalo lina sukari yake, lisiwe maji ya kunywa ya kila saa.
4. Mdomo mkavu: anywe maji kidogo kidogo, mara nyingi. Kipande cha ndimu ndani ya chupa kinaamsha mate. Pipi na jojo za sukari ziachwe, zinaoza meno haraka kwenye mdomo usio na mate.

Onyo kwa wanaotumia lithiamu. Msipunguze chumvi ghafla, msimnyime maji, msimpe chai wala dawa za kienyeji za "kusafisha mwili" zinazoharisha au kukojoza. Mwili ukikauka, lithiamu hujikusanya kwenye damu na inaweza kuwa sumu.

Hatua hii imekaa sawa pale kijana anapofungua chupa ya maji mwenyewe bila kuambiwa. Kwa baadhi ya vijana, hatua hii peke yake inatosha kupunguza kasi ya mzani.

## Hatua ya 4: Badilisha sufuria ya nyumba nzima

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo wengi wanaposhindwa. Mama anampikia kijana chakula chake cha mgonjwa, wengine wanakula wali wa nazi na kuku wa kukaanga mbele yake. Hakuna mtu mwenye njaa ya dawa atakayevumilia hilo. Tena anaona anaadhibiwa kwa kuumwa. Kila badiliko hapa chini ni la wote wanaokula kwenye nyumba hiyo, akiwemo baba.

Kwanza, namna ya kupakua. Wengi wetu tunakula kwenye sinia moja. Ni desturi nzuri na sisemi muiache, ila kwenye sinia hakuna anayejua amekula kiasi gani, na mwenye shibe iliyozimwa atafuata mkono wake hadi sinia liwe jeupe. Mna njia mbili. Ya kwanza ni kila mtu kupakuliwa sahani yake kwa mlo mkuu, na sinia kubaki kwa Ijumaa au wageni. Ya pili, kwa nyumba isiyotaka kuvunja sinia, ni kupakua mboga na kitoweo kingi, ugali mdogo, na sufuria kubaki jikoni. Sufuria ikiwa mkekani, mkono utairudia.

Pili, mgao. Nusu ya sahani iwe mboga: kisamvu, matembele, mchicha, mlenda, bamia, majani ya kunde. Robo iwe kitoweo: samaki, dagaa, pweza, mayai, mbaazi, choroko, kunde au njugu mawe. Robo inayobaki ndiyo ugali, wali au muhogo. Huku Kusini mbaazi zipo, na nasikitika nikiona tunaziuza zote kisha tunanunua maandazi. Mbaazi, kunde na choroko zina protini na makapi yanayokaa tumboni muda mrefu, na kwa njaa ya dawa hakuna rafiki wa bei nafuu kuliko hizo.

Tatu, mpangilio wa kula. Aanze na mboga na kitoweo, kisha ugali. Akimaliza asubiri dakika 20 kabla ya kuongeza. Shibe yake inachelewa, kwa hiyo ipewe muda. Akiwa bado na njaa, aongezwe mboga au kunde, wala asinyimwe. Kumnyima ndiko kunakozaa kula kwa kujificha.

Nne, mafuta na nazi. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina takribani kalori 120, na kumimina kwa macho huwa ni vijiko vinne au vitano. Pima kwa kijiko. Kisamvu na samaki wa nazi si lazima viachwe, tumieni tui la pili, lile jepesi, na tui zito mliweke kwa siku maalumu. Samaki achomwe au achemshwe kwa ndimu na nyanya mara nyingi kuliko kukaangwa.

Tano, korosho. Ninajua naongea na watu wa mkoa gani. Korosho ni chakula kizuri chenye mafuta mazuri, lakini gramu 30, ambazo ni kiganja kimoja kisichofurika, zina takribani kalori 170. Anayekaa na bakuli akiongea na wenzake humaliza viganja vitano bila kujua. Pimeni kiganja kimoja kwenye bakuli dogo, mfuko ufungwe na kuwekwa mbali. Karanga na ufuta hesabu yake ni hiyo hiyo. Kashata zina mafuta na sukari kwa pamoja, hizo ziwe za nadra.

Kifungua kinywa kinahitaji jicho pia. Maandazi matatu na chai ya sukari humrudisha jikoni saa nne. Mayai mawili ya kuchemsha na kipande cha muhogo au kiazi kitamu cha kuchemsha, au kunde za jana na chai isiyo na sukari nyingi, vinamfikisha mchana.

Mafanikio yatakavyoonekana: baada ya wiki tatu au nne kijana anaacha kuulizia chakula saa moja baada ya mlo, na mafuta ya mwezi yanabaki hadi mwezi unaofuata.

## Hatua ya 5: Panga njaa ya usiku

Wengi huandikiwa dawa za kumeza usiku. Saa moja au mbili baadaye njaa kali huja, na wengine huamka saa nane za usiku wakila ugali wa jana wakiwa nusu usingizini.

Mlo wa jioni uliwe mapema, dawa inywewe kwa saa aliyopangiwa, kisha alale. Asikae macho na simu huku njaa inapanda. Muulize daktari kama saa ya kumeza inaweza kusogezwa mapema jioni. Kwa dawa zinazolevya usingizi, hilo husaidia pia kuamka asubuhi akiwa na nguvu.

Andaa sahani ya usiku mapema, ikae mahali pa wazi: matango, karoti, embe bichi lililokatwa, yai la kuchemsha, au mahindi ya kuchemsha nusu gunzi. Akiamka, ale hivyo bila kuulizwa. Maandazi, mkate na biskuti visilale ndani ya nyumba. Nunueni vya siku hiyo tu.

Nimeona kabati likifungwa kwa kufuli. Usifanye hivyo. Kijana atakula kwa majirani na mtapoteza kitu cha thamani kuliko kilo, yaani yeye kukwambia ukweli.

## Hatua ya 6: Mwili utembee

Anza na dakika 10 baada ya mlo wa jioni, pamoja na mtu mwingine. Wiki inayofuata 15. Msiogope kwenda pole pole, dawa zinamchosha kweli. Mnakokwenda ni dakika 60 kwa siku kwa walio chini ya miaka 18, na angalau dakika 150 kwa wiki kwa waliozidi umri huo, ndivyo Shirika la Afya Duniani linavyoshauri.

Asiyependa mazoezi mpeni kazi yenye maana: kutembea hadi sokoni badala ya bodaboda, kuchota maji, kupalilia, kucheza ngoma na wenzake, mpira wa ufukweni Shangani upepo ukiwa umetulia. Kinachodumu ni kile anachokifanya na watu.

Onyo la jua. Dawa nyingi za saikosisi pamoja na Artane hupunguza uwezo wa mwili kujipoza, na klopromazini hufanya ngozi iungue haraka juani. Atoke kabla ya saa 2 asubuhi au baada ya saa 11 jioni, akiwa na maji na kofia. Akisikia kizunguzungu anapoinuka, akae chini kwanza, ainuke taratibu, na kliniki ielezwe.

## Hatua ya 7: Linda ulimi wa nyumba

"Kibonge", "umekuwa kama mama watoto", "dawa zimekunenepesha": maneno haya yanamfanya kijana atupe vidonge kuliko ladha yake mbaya. Hata sifa zina madhara, maana binti anayesifiwa kunenepa leo atachekwa shuleni kesho kwa mwili huo huo.

Msimamizi aongee na shangazi, bibi na majirani wa karibu kabla hawajamwona kijana. Mbele yake tuzungumzie nguvu, usingizi, masomo, siyo ukubwa wa mwili. Namba za daftari ni zake, asizisomee mtu asiyemtaka.

Ukiona vidonge chini ya godoro, au anatapika baada ya kula, au anashinda na njaa kutwa kisha anakula kupita kiasi usiku, tulia. Muulize kwa upole, kisha mwende kliniki pamoja. Hilo ni jambo la kitabibu.

## Nyakati mbili zinazovuruga mpango

Ramadhani. Anayetumia dawa za akili aongee na daktari kabla ya mwezi kuingia, hasa wa lithiamu, kwa sababu ya kukosa maji kutwa nzima. Ruhusa ya mgonjwa kutofunga ipo katika dini, na shehe wenu ataieleza. Akiruhusiwa kufunga, dozi zipangwe upya na daktari, zisirukwe. Futari zetu ni mihogo ya nazi, tambi za sukari, viazi vya kukaanga na uji mtamu kwa mara moja. Afuturu kwa maji na tende chache, aswali, kisha ale mlo mmoja wenye samaki, kunde na mboga. Daku iwe na mayai au mbaazi ili shibe ikae.

Msimu wa korosho. Minada ikianza, fedha huingia na chipsi mayai na soda huwa chakula cha kila siku mjini. Kukubaliana siku moja ya chipsi kwa wiki ni bora kuliko katazo litakalovunjwa. Mabibo yanapokamuliwa, kumbuka pia uraka. Pombe pamoja na dawa hizi huzidisha usingizi kwa kiwango cha hatari, na gongo ni hivyo hivyo.

## Hatua ya 8: Rudi kliniki na daftari

Nendeni mapema kuliko tarehe ya kadi kama amevuka ile asilimia 5 ya mwezi wa kwanza, kama uzi haukutani, au kama anataka kuacha dawa kwa sababu ya mwili. Fungua daftari mbele ya daktari na uulize:

- Je, ipo dawa nyingine inayoweza kumfaa ambayo haiongezi uzito sana, na inapatikana hapa mwaka mzima?
- Je, dozi hii ndiyo ndogo inayomtosha?
- Kama anakunywa dawa mbili au tatu, zote bado zinahitajika?
- Je, metformini ingemfaa?

Hilo la mwisho wengi hawalijui. Metformini ni dawa ya kisukari iliyochunguzwa sana kwa ajili ya uzito unaoletwa na dawa za saikosisi, na inasaidia baadhi ya watu kupunguza au kuzuia kilo. Daktari huangalia kwanza figo zake, huanza na dozi ndogo inayomezwa na chakula, na huonya kuhusu kichefuchefu na kuharisha kwa siku za mwanzo. Msiinunue dukani kwa ushauri wa jirani. Vidonge na chai za "kukata tumbo" zinazouzwa mitandaoni ziachwe kabisa, baadhi zina vichangamshi vinavyoweza kuamsha saikosisi.

Kubadilisha dawa nako kuna gharama. Kijana aliyetulia kwa olanzapini baada ya mateso marefu, huenda daktari akaona abaki nayo na uzito ushughulikiwe kwa njia nyingine. Huo ni uamuzi halali, ombeni tu muelezwe sababu.

## Dalili za kwenda hospitali siku hiyo hiyo

- Kiu isiyoisha, kukojoa mara kwa mara, kupungua uzito ghafla, kutapika au kuhema haraka: inaweza kuwa sukari imepanda sana.
- Homa kali na misuli iliyokakamaa, jasho jingi na kuchanganyikiwa: ni hatari adimu ya dawa za saikosisi na inaua ikicheleweshwa.
- Kwa wa lithiamu: kutetemeka sana, kuyumba, kuharisha na kutapika, kuongea kwa kukokota ulimi.
- Kwa wa klozapini: kukosa choo kwa siku kadhaa tumbo likiwa limejaa na kuuma, au homa na koo linalouma.
- Kusema anataka kufa, au ugonjwa wenyewe kuanza kurudi: hapati usingizi, anasikia sauti, anashuku watu wa nyumbani.

Nendeni na pakiti za dawa zote mkononi.

## Wiki ya 12

Rudieni vipimo vyote vya hatua ya 2: uzito, uzi, presha, sukari. Linganisheni na ukurasa wa kwanza. Mzani ukisimama au ukiwa umepanda chini ya ile asilimia 5, endeleeni hivyo hivyo na kupima kila mwezi. Kama umeendelea kupanda ingawa vinywaji na sufuria vimebadilika kweli, tatizo halijatokana na juhudi zenu, na zamu ya kubadilisha kitu sasa ni ya daktari.

Dawa yoyote mpya ikiongezwa, au dozi ikipandishwa, fungueni ukurasa mpya na mrudi kupima kila wiki kwa wiki 6.